Maji ya Vyombo Nyuma ya Nyumba ya Mama Jumanne

Mkiniona mitaa ya Mandewa au Mwankoko, hapa Singida, nimeinama kando ya nyumba ya mtu, natazama chini ya ukuta wake, msiite mgambo. Sijaja kuiba kuku. Mimi ni fundi umeme mstaafu, jina langu Yohana, na kinachonizungusha kwenye kuta za watu ni jambo lililonichanganya kichwa mwaka jana mpaka nikadhani uzee umeniingia kwenye ubongo. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, mliotoka chuoni na mikoba yenu mipya, na ninyi wengine msioitaka kabisa lakini kila siku mnachomeka simu zenu ukutani bila kujiuliza nyuma ya soketi kuna nini.

Sina hakika kama nitalieleza vizuri. Nimeshalisimulia mara nyingi, na kila nikilisimulia naona kuna mahali palipobaki na ukungu. Mtanivumilia.

Tuanze na soketi yenyewe. Ina matundu matatu. Mawili ya chini mnayajua, moja linaleta umeme na jingine linaurudisha. La juu watu wamelidharau, maana haliwashi taa wala halichaji simu. Hilo ni tundu la ethi. Kutoka hapo unaanza waya wa kijani na njano, unapita ndani ya ukuta, unatoka nje na kufungwa kwenye fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, nayo fimbo imepigwa ardhini. Umeme ukikosea njia ukaingia kwenye bati la friji, waya huo unaupeleka udongoni kabla haujapata nafasi ya kupita mwilini mwako. Ni mlinzi anayelipwa kukaa bure, na siku akihitajika hana muda wa kujiandaa.

Lakini watu wetu bwana! Plagi yao ina meno mawili, soketi inataka matatu, basi wanachokoa lile tundu la juu ili haya ya chini yafunguke. Nimekuta humo njiti za kiberiti, kifuniko cha peni, na siku moja kipande cha mswaki kilichovunjikia ndani. Nikataka kukitoa, mwenye nyumba akanishika mkono.

"Fundi, hicho kiache. Ndicho kinachowasha redio."

Wengine hukata jino refu la plagi kwa kisu ili iingie popote. Ukiwauliza kwa nini, wanakwambia mbona inafanya kazi. Ni kweli inafanya kazi. Hapo ndipo mtu anapopotelea, na mimi nilipotelea hapohapo, tena mimi fundi.

Aliyenifundisha ni Fundi Ramadhani, Mungu amrehemu, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Wakati huo waya mwekundu ndio ulikuwa wa moto, mweusi wa kurudi na kijani wa ethi. Baadaye zikaja hizi rangi zenu, kahawia na bluu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikifungua soketi nasimama kwanza kama mtu aliyesahau jina la shemeji yake. Katika wiki yangu ya kwanza nilishika bati la jiko la umeme kwa kiganja ili nione kama lina shoti. Lilikuwa nayo. Vidole vikajikunja, nikashindwa kuliachia, na mdomo ukakataa kupiga kelele. Fundi Ramadhani akanipiga mkononi kwa mpini wa ufagio mpaka nikaachia. Hakunipa pole.

"Mgongo wa mkono," akasema. "Ukilazimika kugusa, baada ya kupima, gusa kwa mgongo wa mkono. Umeme ukikukunja, utakukunja kwenda kwako, siyo kwenda kwake."

La pili alilonifundisha lilihusu ile fimbo ya ardhini. Fimbo tulizotumia zilinifika kifuani, na zilitakiwa kuzama zote. Ninyi mnaijua ardhi yetu ya Singida. Mahali pengine unapiga nyundo mara kumi unakutana na jiwe lililokaa pale tangu dunia iumbwe, na halina mpango wa kukupisha. Fundi Ramadhani alikuwa anahama. Jiwe likikataa hapa, tunang'oa, tunakwenda hatua tatu kule, tunaanza upya, na jua limesimama utosini. Nikinung'unika ananiambia, "Piga mpaka fimbo iishe, siyo mpaka wewe uchoke." Nililijibu neno hilo kwa ndiyo nyingi sana.

Sasa nije kwenye lililonichanganya.

Mama Jumanne wa Mwankoko ni mjane, amenipita umri kidogo, na nyumba yake niliifunga umeme mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, mumewe akiwa hai. Anaishi na mwanawe Jumanne na mke wa mwanawe, Rehema, binti wa Kiomboi. Mbele ya nyumba kuna chumba cha duka ambamo Jumanne anauza soda na maji baridi. Mwaka jana, mwezi wa kumi, vumbi likiwa limekaza na mvua haijanyesha, Mama Jumanne alikuja kwangu kwa miguu. Hakutaka hata kiti.

"Fundi, friji imemrusha Rehema."

Rehema alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa amepiga deki jikoni, yuko peku, akashika mlango wa friji atoe nyanya. Walimkuta chini, ameangukia ubavu. Hospitalini walimpima wakasema mtoto anacheza, mshukuruni Mungu. Lakini habari ilikuwa imeshafika Kiomboi, na kaka zake wakatuma neno kwamba Jumamosi wanakuja kumchukua dada yao, kwa kuwa hawakumwoza kwenye nyumba inayopiga watu. Jumanne akafunga duka, akatia ufunguo mfukoni, akapanda basi kwenda kuwabembeleza wakwe.

"Akiondoka hiyo Jumamosi harudi," Mama Jumanne akaniambia. "Na huyo mjukuu nitamwona kwenye picha. Njoo uitafute hiyo shoti."

Ilikuwa Jumatano. Nikachukua testa yangu, ile bisibisi yenye kitaa kidogo kwenye mpini, nikaenda kifua mbele. Nikaigusisha kwenye bati la friji, kitaa kikawaka. Nikachomoa plagi ya friji, kitaa kikazima. Nikasema friji ni mbovu, kazi imekwisha, leteni chai. Wakaikodia toroli ikaenda kwa fundi wa majokofu. Alhamisi jioni ikarudi. Fundi yule akaapa kwa jina la mama yake kwamba haina kasoro hata moja. Nikaichomeka, kitaa kikawaka.

Ijumaa asubuhi nikaanza upya. Nikapima jagi la bati la kuchemshia maji, nalo likawasha kitaa. Nikazima swichi ya soketi yake, kitaa kikaendelea kuwaka! Jamani, nimeizima swichi na bati bado lina umeme! Nikachomoa plagi, kikazima. Nikapima jiko dogo la umeme, hali ileile. Vyombo vitatu havijuani, vimenunuliwa miaka tofauti, vimeharibika siku moja kwa ugonjwa mmoja. Nikafungua soketi zote za jikoni. Nikapanda darini nikafuata nyaya kwa tochi, nikashuka na buibui tu kichwani.

Ninyi mliosoma mmeshacheka. Mmejua kwamba umeme ulikuwa unakuja kwa njia ya ethi yenyewe, ile ambayo swichi haiikati, ile iliyotakiwa kuuondoa. Mimi nilifika kwenye mawazo hayo nikayakataa. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikavuta waya wa ethi pale unapoingia kwenye kibonge cha saruji chini ya dirisha la jiko. Umekaza. Nikakipiga kibonge teke, hakikutikisika. Nikajisemea ethi ni nzima, niliifunga mimi. Ningekuta kazi ya fundi mwingine ningeifumua yote kabla ya kunywa maji. Ya kwangu niliipiga teke moja nikapita.

Rehema alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, mbali na jikoni, mkono juu ya tumbo. Majirani walikuwa wameshasema mengi. Wapo waliosema marehemu baba mkwe ana neno hajalisema. Ilisomwa dua, na mama mmoja Mkristo wa nyumba ya pili alikuja naye akaomba, kwa hiyo pande zote zilikuwa zimeshughulikiwa. Nilipopita karibu akaniita.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Niambie kweli. Ni umeme, au ni kitu kingine?"

Nimefanya kazi hii miaka mingi kuliko umri wake. Nikamwambia ngoja nipime tena. Niliona aibu, na niwaambie ukweli, niliogopa pia, maana dakika ile hata mimi sikuwa na hakika.

Mchana tukala wali na kuku. Siku hiyo bomba lilikuwa halitoi maji, na jikoni kwa Mama Jumanne kulikuwa na sinki jipya, Jumanne alimwekea mamaye miezi michache nyuma ili asiiname. Sinki bila bomba ni pambo. Kwa hiyo Mama Jumanne akachota maji ya ndoo, akaoshea vyombo nje kwenye beseni kama zamani, tena akiimba. Mimi nikarudi kwenye friji na testa yangu.

Kitaa hakikuwaka.

Nikakifuta kwa shati, nikagusisha tena. Giza. Nikakipima kwenye tundu la moto la soketi, kikawaka vizuri. Nikarudi kwenye friji, giza. Jagi, giza. Sikuwa nimegusa waya wowote tangu tulipoketi kula. Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mtu mzima mwenye mvi, nikaitazama friji nayo ikanitazama. Mara nyingine mtambo ukipona wenyewe inatisha kuliko ukiugua. Baada ya muda nikapima tena. Kitaa kikaanza kuwaka hafifu, kama jicho la mtu anayeamka, kisha kikawaka kamili.

"Mama Jumanne!" nikapiga kelele. "Mmefanya nini?"

"Tumefanya nini tena? Tumeosha vyombo."

"Maji umemwaga wapi?"

Akanishangaa. "Pale pale nilipomwaga siku zote. Nyuma, chini ya dirisha, kuku wangu wapate punje za wali. Tangu waniwekee hili sinki kuku wamekonda, maji yote yanakwenda shimoni."

Nikamwomba amwage ndoo nyingine palepale. Alidhani nimerukwa na akili, lakini akamwaga. Kitaa kikafifia, kikazima. Nikatoka nje nikasimama mbele ya kile kibonge cha saruji kilicholowa, kuku wamenizunguka.

Nikazima meni swichi, ile kuu ya nyumba nzima. Nikakivunja kibonge kwa nyundo. Fimbo ikaonekana, nikaishika nikaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto. Nikaivuta kwa mkono mmoja. Ikatoka yote.

Ilikuwa fupi kama kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole. Juu imekatwa mshazari, na nikaujua ule mkato. Zamani nilikuwa na msumeno wa chuma uliopoteza meno upande mmoja, ukikata unakwenda kombo, nikauona mwandiko wangu. Ndipo siku yenyewe ikanirudia. Jua kali, jiwe chini, nyundo inaruka inaniumiza viganja. Nilitazama huku na huku nikaona hakuna mtu. Nikaikata ile fimbo, kipande cha juu nikakitupa mkobani, nikaficha kichwa kwa saruji na kuisawazisha vizuri kwa mwiko. Ilipendeza sana.

Mama Jumanne alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni nini hicho?"

Ningeweza kusema imeliwa na kutu. Asingejua. Hata ninyi msingejua. Nilitazama mkeka uani, nikamwona Rehema ameinua shingo anasubiri jibu lake.

"Ni kazi yangu," nikasema. "Niligonga jiwe, nikaikata. Ikabaki fupi, haishiki udongo ila udongo ukilowa. Miaka yote hii ethi ya nyumba hii ilikuwa maji yako ya vyombo. Ulipowekewa sinki, ikakauka."

Alikitazama kile kipande mkononi mwangu. Nilitamani anitukane.

"Siku ile ulimaliza mapema," akasema. "Mume wangu akasema huyu fundi hodari, hata saa sita haijafika amemaliza. Nikakuchinjia jogoo."

"Nakumbuka."

"Mwekundu. Mkubwa. Nirudishie jogoo wangu, Yohana."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina kabla ya siku hiyo.

Rehema alikuwa ameshainuka kwenye mkeka. Alisogea akaichukua ile fimbo mkononi mwangu, akaipima kwa macho, akasema polepole kama anajiambia mwenyewe, "Kumbe mama alikuwa anatulinda kwa maji machafu." Kisha akaanza kucheka, na kucheka kukageuka kilio, na mama mkwe wake akamshika.

Siwezi kusema akili yangu ilitulia. Bado kulikuwa na swali la huo umeme ulikuwa unavuja kutoka wapi. Jumanne aliporudi Jumamosi asubuhi na ufunguo wa duka, tukaukuta. Friza kuukuu la soda lilikuwa linavujisha umeme kwenye bati lake kidogo kidogo, pengine kwa miaka. Yeye hufungua duka amevaa malapa mazito na kusimama juu ya mbao, hajawahi kuhisi kitu. Umeme wa friza la mbele ulikuwa unatafuta udongo kwa kupitia ethi, unaukosa, unajaa kwenye mabati yote ya nyumba, na unamsubiri mtu peku jikoni nyuma. Nililitoa lile friza. Hata hivyo nawaambia, friza si mkosaji. Vyombo huharibika, ndiyo maana tunapiga fimbo.

Jumanne alikuwa amekuja na kaka wawili wa Rehema. Wakati wanafika nilikuwa upande wa bafuni, ambako udongo ni laini kidogo, napiga fimbo mpya mbili. Jiwe lilinikataa mara mbili nikahama mara mbili. Viganja vilitoka malengelenge. Kaka mkubwa alisimama akanitazama mpaka fimbo ya pili ilipozama yote kando ya mwenzake. Nikaziunganisha, nikafunga na kile kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja, ambacho zamani hatukuwa nacho na leo hamna kisingizio cha kukikosa. Nikawasha. Nikapima kila bati, giza, giza, giza. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia, kifaa kikakata pale pale. Nikakirudisha.

Kisha nikavua viatu. Hili msiliige, nilikuwa nimeshapima kila kitu na nilikuwa na deni la namna yangu. Nikamwaga maji sakafuni, nikasimama peku mbele ya wote, nikaligusa lile friji kwa mgongo wa mkono kama nilivyofundishwa kwa mpini wa ufagio. Halafu nikakishika kishikio kwa kiganja chote.

Rehema akaja, amevaa kandambili zake, akafungua mlango akatoa nyanya.

Alibaki. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na bibi yake ndiye anayembeba mgongoni akienda kuwapa kuku maji. Jogoo nilimpeleka, mwekundu, mkubwa. Mama Jumanne alimpokea bila kunikaribisha ndani. Safari ya pili alinikaribisha.

Lakini siku ile, kaka mkubwa alipokuwa anaaga, alinivuta pembeni. Alikuwa kijana mpole, mwalimu.

"Mzee, sasa una uhakika?"

"Kwa nyumba hii, ndiyo."

"Na nyingine?"

Msumeno ule nilikuwa nao kwa miaka. Najua niliukata huo mkato zaidi ya mara moja, kwa sababu nakumbuka vipande kadhaa mkobani vikigongana nikitembea. Nakumbuka nilipewa sifa ya kumaliza mapema, na nilikula jogoo wengi. Sikumbuki nyumba zipi. Nikijilazimisha, kuta zote zinafanana, na mawe yote yanafanana. Ndiyo maana mnaniona nazunguka, nainama, nachungulia vibonge vya saruji vilivyosawazishwa vizuri mno. Nimeshang'oa vinne. Viwili fimbo zake zilikuwa ndefu. Viwili vilikuwa vyangu.

Kwa hiyo akibisha hodi kwenu mzee mwenye nyundo, mfungulieni. Kama nyumba yenu ilifungwa umeme zamani na fundi aliyemaliza kabla ya saa sita, nendeni nyuma mkatazame, au mwiteni mmoja wenu mwenye kifaa cha kupimia udongo, asinisubiri. Na mpaka mmoja wetu afike, bibi akitoka na beseni la maji ya vyombo, msimwambie aende kumwaga kwenye sinki.